Mlango wa Pemba Kati ya Joto la Bahari na Mafuta Ghafi

Kisiwa cha Pemba hakikukaa pamoja na ndugu zake. Unguja na Mafia vimesimama juu ya rafu ya bara, yaani ule ukingo wa sakafu ya bahari unaoungana na nchi kavu na ambao kina chake, kati ya visiwa hivyo na mrima, ni makumi machache tu ya mita. Pemba imetengwa na mwambao wa Tanga na Kwale kwa mfereji wenye kina kinachozidi mita 400, unaojulikana kama Mlango wa Pemba. Kina hicho, ambacho kwa karne nyingi kilikuwa habari ya manahodha na ya wavuvi wa jarife peke yao, siku hizi kimeingia katika mijadala miwili ambayo ni nadra kukutanishwa. Mjadala wa kwanza ni wa wanasayansi wanaotafuta mahali ambapo matumbawe yanaweza kuokoka joto la karne hii, na wa pili ni wa wahandisi na wenye mitaji wanaotafuta maji yenye kina cha kutosha na kinga dhidi ya mawimbi makubwa, ambamo meli za mafuta zinaweza kupakia shehena zao. Pande zote mbili zimefika katika maji yaleyale, na ni vigumu kupata mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki panapoonyesha waziwazi zaidi jinsi tishio la tabianchi na tishio la viwanda linavyokutana.

Ili kuelewa kwa nini wanasayansi wanayathamini maji hayo, inafaa kwanza kueleza tumbawe ni nini, kwa kuwa wengi hulidhania kuwa jiwe au mmea. Tumbawe ni mnyama mdogo mwenye mwili laini, anayeishi katika makundi makubwa na anayejijengea kiota cha chokaa. Viota hivyo, vikirundikana kizazi baada ya kizazi, ndivyo vinavyofanya mwamba unaoyavunja mawimbi kabla hayajafika ufukoni. Ndani ya nyama ya mnyama huyo huishi mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki yake pamoja na rangi zake, mfano wa mpangaji anayelipa kodi kwa kumpikia mwenye nyumba. Maji yanapopata joto kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi kupita kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto zaidi, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, uhusiano huo huvunjika: mimea ile hutolewa nje, tumbawe hubaki jeupe kama mfupa, na ingawa halijafa siku hiyo, limeanza kufa njaa. Hali hii huitwa kupauka kwa matumbawe. Maji yakipoa mapema, wapangaji hurudi. Yakichelewa kupoa, mwamba hufunikwa na mwani na ujenzi wa chokaa husimama.

Mwaka 1998, wakati wa El Niño kali, jambo hilo lilitokea kwa upana ambao haukuwa umewahi kurekodiwa, na inakadiriwa kuwa asilimia 16 hivi ya miamba ya matumbawe ya dunia iliharibiwa katika mwaka huo mmoja. Magharibi mwa Bahari ya Hindi ndiko kulikoumia zaidi. Miamba mingi ya Kenya na sehemu za Mafia ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Kupauka kwingine kukubwa kulifuata mwaka 2016, na mwezi Aprili 2024 ikatangazwa rasmi kwamba dunia imeingia katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe katika bahari zote. Sababu yake inajulikana: zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi zinazotolewa na viwanda, magari na mitambo ya umeme limehifadhiwa baharini, si hewani. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilikadiria mwaka 2018 kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya enzi ya viwanda, asilimia 70 hadi 90 ya miamba ya matumbawe itapotea, na ikifika nyuzi 2, itapotea karibu yote. Mwishoni mwa mwaka 2021, watafiti walioongozwa na David Obura, mwanabaiolojia wa bahari aliyeko Mombasa, walichapisha tathmini iliyogawa miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi katika kanda 11, na hawakupata hata kanda moja iliyo salama dhidi ya hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50 ijayo.

Katika picha hiyo ya kukatisha tamaa, maji ya mpakani mwa Kenya na Tanzania, kuanzia Shimoni na Vanga, kupitia Tanga, hadi Mlango wa Pemba, yamejitokeza kuwa tofauti kidogo. Maji ya kina kirefu yaliyo karibu sana na miamba hupanda na kuchanganyika na yale ya juu, hasa palipo na mikondo yenye nguvu, na hivyo kuyapunguzia joto; ndiyo maana watafiti kadhaa wamependekeza eneo hili lihesabiwe kuwa kimbilio la tabianchi, yaani mahali ambapo viumbe wana nafasi bora ya kuendelea kuishi wakati majirani zao wanateketea. Neno kimbilio lisichukuliwe kuwa kinga kamili. Kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, nacho kilipoteza matumbawe mengi mwaka 1998. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, lakini kina uzito: kwamba hapa mapigo ya joto huenda yakaja kwa ukali mdogo, na muda wa kupona ukawa mrefu zaidi. Mwamba uliopona hupeleka mayai na viluwiluwi vyake kwa mkondo hadi miamba ya mbali, kwa hiyo kimbilio likilindwa faida yake huvuka mipaka yake.

Maji hayohayo ndiyo makazi ya silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka pamoja na dinosaria, zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, hadi alipovuliwa mmoja akiwa hai huko Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wa Tanga walianza kumpata mara kwa mara katika majarife, yaani nyavu zenye macho makubwa zinazotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa, na idadi ya waliopatikana ilitosha kuifanya serikali itangaze Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Ni jambo la kushangaza kwamba samaki aliyevumilia mageuzi yote ya sayari hii alianza kuonekana kwa wingi pale tu wavuvi walipolazimika kutega nyavu kwenye kina zaidi, kwa sababu samaki wa maji mafupi wamekuwa haba. Na uhaba huo haukuletwa na joto peke yake. Tangu miaka ya 1960 baadhi ya wavuvi wa pwani ya Tanzania walitumia baruti, ambayo mlipuko wake mmoja huua kila kilicho karibu, wakubwa kwa wachanga, na kuugeuza mwamba kuwa kifusi kinachobingirika kila wimbi linapopita, hata viluwiluwi vya matumbawe vikose mahali pa kushika. Uvuvi huo ulipungua sana baada ya vyombo vya dola kuunganisha nguvu katikati ya miaka ya 2010, lakini kifusi chake bado kiko chini ya maji.

Mjadala wa pili, ule wa mafuta, ulifika hapa mwezi Aprili 2016, Uganda ilipochagua Tanga kuwa mlango wa mafuta yake kwenda duniani, na Februari 2022 wabia wa mradi, wakiongozwa na kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa, walitangaza uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Bomba la kuyasafirisha mafuta hayo lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi rasi ya Chongoleani, na linapashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakiachwa katika joto la kawaida. Sifa hiyo ina maana yake baharini pia. Mafuta ya aina hiyo yakimwagika katika maji yenye joto la nyuzi 26 au 28 huelekea kuganda na kuelea vipandevipande, badala ya kutandaa haraka kama dizeli. Ni rahisi kuyaokota ufukoni, lakini ni vigumu mno kuyatoa katikati ya mizizi ya mikoko. Mikoko huishi katika tope lisilo na oksijeni, hivyo mizizi yake huvuta hewa kwa vitundu vidogo vilivyo juu ya tope. Vitundu vikizibwa, mti hukauka ukiwa umesimama. Mombasa inalijua jambo hili, kwa kuwa mwaka 1988 tangi la mafuta lilitobolewa karibu na hori ya Makupa, na mikoko ya hapo ikafa kwa eneo kubwa.

Umwagikaji mkubwa ndio unaoogopwa na kila mtu, na kwa kuwa unaogopwa, angalau hupangiwa mipango. Hatari nyingine ya bandari ya kusafirisha mafuta haizungumzwi sana, nayo ni maji ya uzani. Meli inayokuja kupakia huja tupu, na ili isiyumbe baharini hujaza matangi yake maji ya bandari ilikotoka, kisha huyamwaga inapopakia; pamoja na maji hayo husafiri viluwiluwi, mbegu za mwani na vijidudu vya bahari nyingine, ambavyo baadhi yake vikifika ugenini hukosa adui wa kuvipunguza. Mkataba wa kimataifa unaotaka maji hayo yasafishwe kabla ya kumwagwa ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017, lakini mkataba hausimami gatini na kupima tangi. Anayepima ni mkaguzi wa bandari mwenye vifaa, maabara na mamlaka ya kuizuia meli, na ni hapo ndipo maneno ya ripoti za mazingira hupimwa kwa bajeti ya mwaka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini bandari moja ihesabiwe tishio wakati meli za mafuta hupita Bahari ya Hindi kila siku bila ruhusa ya mtu wa Pemba. Swali hilo ni la haki, na jibu lake lilitolewa na Mauritius. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya mizigo iitwayo Wakashio, ambayo haikuwa na shughuli yoyote kisiwani humo na haikubeba shehena, ilikwama juu ya mwamba wa matumbawe kusini mashariki mwa kisiwa hicho. Baada ya siku kumi na mbili ilianza kuvuja, na takribani tani 1,000 za mafuta ya kuendeshea mitambo yake ziliingia katika maji ya ndani ya mwamba. Wananchi walishona magunia yaliyojazwa majani makavu ya muwa na kuyafanya maboya ya kuzuia mafuta. Kilichodhihirika ni kwamba siku hizo kumi na mbili zilikuwa muda wa kutosha kwa nchi iliyojiandaa, na muda mfupi mno kwa isiyojiandaa. Mbele ya Tanga, mkondo wa pwani huelekea kaskazini karibu mwaka mzima, na wakati wa kusi huenda kwa kasi zaidi, kwa hiyo kitakachomwagika Chongoleani kitakuwa cha Tanzania kwa muda mfupi kabla hakijawa cha Vanga, Shimoni na hifadhi ya Kisite na Mpunguti upande wa Kenya. Nchi hizo mbili zimekuwa zikijadili eneo la pamoja la hifadhi ya bahari mpakani kwa miaka mingi. Ni vyema mpango wa pamoja wa dharura usingoje mjadala huo uishe.

Si kila madhara ya viwanda huja na meli, na mengine husafiri taratibu kiasi kwamba hayaonekani kuwa madhara ya bahari. Mchanga ni mfano mzuri. Ufuo wa Kunduchi na wa jirani zake, kaskazini mwa Dar es Salaam, umemomonyoka kwa miongo kadhaa hadi bahari ikabomoa majengo yaliyokuwa mbali na maji yalipojengwa. Usawa wa bahari kweli unapanda. Kati ya mwaka 1901 na 2018 wastani wa dunia ulipanda kwa sentimita 20 hivi, na kasi inaongezeka. Hata hivyo, pale Kunduchi sababu moja kubwa iko nchi kavu, katika vijito vinavyoteremka kutoka vilima vya nyuma ya jiji, ambamo malori yamekuwa yakichota mchanga wa ujenzi. Mawimbi huondoa mchanga ufukoni kila msimu, na vijito ndivyo vilivyokuwa vikiurudisha. Kilichochotwa kwa ajili ya nyumba moja Mbezi kimepunguza ardhi chini ya nyumba nyingine Kunduchi. Kuta za zege zinazojengwa kuzuia bahari mara nyingi huhamishia mmomonyoko kwa jirani, kwani wimbi lililorudishwa na ukuta hukomba mchanga wa mbele yake na wa pembeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Anayetembea kwenye fukwe za jiji hilo ataamua mwenyewe jinsi sheria hiyo inavyoheshimiwa.

Hesabu hiyohiyo ya mchanga na tope ndiyo inayoiweka delta ya Rufiji katika mashaka. Hapo ndipo penye msitu mmoja mkubwa zaidi wa mikoko katika Afrika Mashariki, unaokaribia hekta 50,000, na msitu huo umesimama juu ya tope lililoletwa na mto kwa maelfu ya miaka. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022 kwa ajili ya kuzalisha megawati 2,115 za umeme, hupunguza mwendo wa maji, na maji yaliyotulia huacha tope lake nyuma ya ukuta, kama ilivyo kwa mabwawa yote ya ukubwa huo. Delta isiyolishwa tope huzama polepole wakati uleule ambao bahari inapanda. Umeme wa maji haumwagi moshi, na kwa hesabu ya tabianchi ni wa kusifiwa. Inafaa tu ikubalike kwamba nishati safi nayo ina deni kwa pwani, na kwamba deni hilo linaweza kulipwa kwa sehemu, iwapo maji yatafunguliwa kwa majira yanayofanana na mafuriko ya asili na iwapo kima cha delta kitapimwa kila mwaka.

Joto, kwa upande mwingine, halina lori la kukamatwa. Wanaoliona kwa ukaribu zaidi ni wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba, wengi wao wakiwa wanawake, ambao tangu mwaka 1989 wamekuwa wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, katika maji mafupi ambayo hupwa wakati wa bamvua. Mwani huo husafirishwa nje kwa ajili ya kutengeneza uji mzito unaotumika katika vyakula, dawa na vipodozi. Aina iitwayo kotonii, yenye bei nzuri, haivumilii maji yaliyochemka juani; hupata madoa meupe, hulainika na kukatika kabla ya kuvunwa, na katika maeneo mengi imeachwa kabisa. Aina ya spinosumu huvumilia zaidi, lakini bei yake ni ya chini. Watafiti wa Zanzibar, akiwemo Flower Msuya, wamesaidia kujaribu kilimo cha maji ya kina kwa kutumia nyavu za umbo la bomba, kwa kuwa huko joto ni dogo. Ufumbuzi huo ni wa busara, ila una masharti: unahitaji chombo, na unahitaji mkulima ajue kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa. Mabadiliko ya tabianchi hapa hayakuja kwa dhoruba. Yalikuja kwa mama mmoja mmoja kuhesabu kamba zake na kukuta mavuno hayatoshi ada ya shule.

Basi ni nini kinachoweza kufanywa na watu ambao hawakuusababisha moto huo na hawana uwezo wa kuuzima? Jibu la msingi la sayansi ya bahari ni la kiutendaji. Tumbawe lililopigwa na joto hupona mara maji yakiwa safi, samaki wanaokula mwani wakiwepo na sakafu ikiwa imara. Tumbawe lilelile, likiwa limefunikwa na tope la uchimbaji wa kina, likinyweshwa maji taka yanayorutubisha mwani, na likiwa limenyang'anywa pono na tasi waliokuwa wakilisafishia mahali pa kukaa, halina cha kuponea. Joto linaamuliwa katika miji mikuu ya mbali. Tope, maji taka, nyavu na mafuta vinaamuliwa Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Kupunguza mzigo wa hapa nyumbani ndiyo namna pekee ya kununua muda, na muda ndio hasa kimbilio kama Mlango wa Pemba linaoweza kutoa.

Mifano ya kazi hiyo ipo. Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, kilitangazwa hifadhi mwaka 1994, na wavuvi wa zamani wa eneo hilo wakafunzwa kuwa walinzi wake. Huko Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanakijiji wamejifunza kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza akue. Pweza huishi takribani mwaka mmoja au zaidi kidogo na huongezeka uzito kwa kasi kubwa, kwa hiyo siku ya kufungua mwamba matokeo huonekana kwenye mizani. Mtu aliyeona uzito huo hahitaji semina nyingine ya uhifadhi.

Gazi, katika kaunti ya Kwale, imetoa funzo la aina nyingine. Mikoko huhifadhi kaboni ndani ya tope lake kwa wingi unaozidi ule wa misitu ya nchi kavu ya eneo lilelile, mara tatu hadi tano kwa makadirio ya kawaida, na mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 na kuuza haki ya takribani tani 3,000 za hewa ukaa kila mwaka. Fedha hizo zimekwenda kwenye maji ya bomba na shule, na ili watu wasikose kuni na boriti, mivinje ilipandwa kando. Huko Vanga mradi wa namna hiyo umefuata, ukiwa na hekta 460. Kuna walakini mmoja. Mnunuzi wa kaboni, aliye mbali, huenda akaendelea kutoa moshi uleule kwa dhamiri iliyotulia, na moshi huo ndio unaoipandisha bahari juu ya mikoko aliyoilipia. Mradi wa Gazi unastahili heshima kwa sababu ungekuwa na maana hata bila mnunuzi: ulilinda mazalia ya kamba na samaki, na ulifuata elimu ya mahali. Mikoko si mti mmoja; mlilana husimama mbele kwenye mawimbi, mkoko wenyewe hufuata, mkandaa na mchu hukaa nyuma penye chumvi na ukavu. Upandaji mwingi unaofanywa mbele ya wapiga picha huchomeka miche ya mkoko mahali pa mlilana, na bahari huichukua kabla picha haijasahaulika.

Suala la nani anaulizwa kabla ya mradi kuanza limepata majibu yake makubwa zaidi Lamu, mji wa kale uliotambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2001 na uliopangiwa bandari yenye magati 32. Uchimbaji wa kina katika Ghuba ya Manda ulitibua tope, uliharibu mikoko na kuwafungia wavuvi njia walizozitegemea, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki za wakazi za kupata mazingira safi, kushirikishwa na kuendeleza utamaduni wao zilikiukwa, ikaagiza fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Mwezi Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa katika kaunti hiyohiyo, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa na mapungufu. Tathmini hiyo ni uchunguzi ambao sheria za Kenya na za Tanzania zinautaka kabla ya mradi mkubwa, na thamani yake iko katika neno kabla. Gati la kwanza la Lamu lilizinduliwa Mei 2021, miaka mitatu baada ya hukumu. Mtambo wa makaa haukujengwa. Tofauti ya kesi hizo mbili ni kwamba moja iliamuliwa mashine zikiwa tayari majini.

Katika Mlango wa Pemba muda wa aina hiyo umekwisha, kwani matangi ya Chongoleani ni sehemu ya mradi uliokwishaamuliwa, na kuandika kana kwamba uamuzi huo haujafanyika hakumsaidii mvuvi. Kilichobaki ni kuhakikisha hasara ikitokea inaweza kuthibitishwa. Kenya na Tanzania ni wanachama wa mfuko wa kimataifa wa mwaka 1992 unaofidia madhara ya mafuta yanayomwagwa na meli za mafuta, na mfuko huo hulipa kwa ushahidi: mdai huonyesha alikuwa akipata nini kabla ya ajali na amepoteza nini baada yake. Mvuvi wa dema asiye na daftari, na diko lisilo na kumbukumbu za uzito wa samaki, hubaki na maneno matupu mbele ya mwanasheria wa bima. Kwa hiyo vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya Tanga, Pemba, Vanga na Shimoni vianze sasa kuandika kila siku kiasi cha samaki kinachoshushwa na bei yake, vyuo na taasisi za utafiti za nchi zote mbili zipime hali ya matumbawe, nyasi za bahari na mikoko kabla meli ya kwanza haijapakia, na serikali zichapishe vipimo hivyo kwa Kiswahili, mahali ambapo mwenye ngalawa anaweza kuvisoma.